Nani Ameshika Rekodi ya Kombo?

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ipo mbali sana, tena msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, kosa ni la macho yake, akayapeleke hospitali. Inatosha kusema kuwa ilikuwa nchi ya amani, yenye milima, yenye mito, na yenye Mlezi Mkuu.

Mlezi Mkuu aliwapenda watu wake, na mapenzi yake yalikuwa mkononi. Kila alipozuru mahali alipenda kugusa kitu cha wananchi, waone kwamba hana makuu. Lakini mkono ule haukuwa mkono wa hivihivi. Waheshimiwa wabunge, kwa adabu waliyokuwa nayo, walipitisha Sheria ya Miguso: kitu kilichoguswa na Mlezi Mkuu kisitumiwe tena na mtu mwingine. Kizungushiwe kamba nyekundu, kipelekwe Nyumba ya Miguso pale mji mkuu, kikae vilevile kama alivyokiacha. Humo mlikuwa na mzani wa kupimia watoto wachanga kutoka zahanati moja ya mbali. Mlikuwa na ngazi ya mafundi umeme wa wilaya nzima. Mlikuwa na sufuria ya shule ya bweni pamoja na ugali wake ndani, kwa kuwa aliigusa ugali ukiwa unasongwa. Hata ng'ombe wa maziwa aliwahi kuletwa, ila kwa kuwa sheria haikuruhusu mtu kumkamua wala kumlisha, alikufa akiwa amehifadhiwa vizuri kabisa.

Wananchi nao si wajinga. Msafara ukitangazwa, walijipanga barabarani kwa vigelegele wakiwa wamebeba majembe yasiyo na mpini na baiskeli zisizo na mnyororo, na vitu vyao vizima wakavificha. Serikali ilipogundua, ikaongeza kifungu: kuficha kitu kizima ni kosa la kuunyima mkono.

Kwa kifungu hicho ndipo alipofungwa Kombo, fundi nguo wa mtaa wa Kidongo. Cherehani aliyoachiwa na marehemu baba yake aliificha katika banda la kuku la jirani, na askari mmoja aliyeingia bandani kutafuta mayai, kwa shughuli zake binafsi, akaikuta. Hakimu akampa mwaka mmoja. Mkewe, Mwatima, akasimama mahakamani akauliza, "Hebu nifahamisheni jamani, huo mkono una haki gani na cherehani yetu? Ulichangia kuinunua?"

Hakimu akajifanya hakusikia. Angesikia ingembidi aanze kesi nyingine, na wakati wa chakula ulikuwa umekaribia.

Mwatima alikuwa msusi, na mdomo wake ulikuwa haujui kubana. Lakini usiku ule wa hukumu hakusema kitu. Alikaa kitandani upande wa Kombo akalia mpaka mto ukalowa, kisha akapangusa uso akajiambia kuwa mwaka si karne, utakwisha.

*

Kombo akiwa ndani, nchi ikaendelea. Serikali ikanunua Mtambo.

Mtambo ulikuwa na kila mtu ndani yake. Aliyezaliwa, aliyeoa, aliyefungwa, wote waliwekewa rekodi zao humo, na ikaamriwa kuwa jambo lisilokuwemo kwenye Mtambo halijatokea. Kanuni yake kubwa ilikuwa ya busara: mtu akishaifungua rekodi ya mwananchi, mwingine hawezi kuiandika mpaka yule wa kwanza amalize na kuifunga. Bila hivyo karani mmoja angeandika kuwa fulani amekufa huku mwenzake akiandika kuwa ameoa, na wote wawili wawe wamesema kweli.

Mlezi Mkuu aliuzindua mwenyewe, uwanjani, mbele ya halaiki. Alipanda jukwaani, akaketi mbele ya kompyuta iliyopambwa maua, akagusa hapa na pale kama alivyoelekezwa, akafungua rekodi ya mtu mmoja, akaitazama. Halafu akasimama, akanyanyua mikono, akatamka: "Nimemsamehe!"

Hakusema nani, wala kosa gani. Uwanja ulilipuka kwa makofi, bendi ikapiga, mabalozi wakafuta machozi, na wakubwa wote wakaelekea kwenye pilau. Siku ile ikatangazwa kuwa Siku ya Msamaha, sikukuu ya taifa, na yule mtu asiyejulikana akapewa jina la Msamehewa. Washairi wakamtungia mashairi. Watoto wa chekechea wakafundishwa kumchora.

Mwatima alipokwenda kumtazama mumewe wiki ile, Kombo alimwambia kupitia wavu, "Wametufundisha wimbo mpya. Wa kumshukuru Mlezi Mkuu kwa kumsamehe mtu."

"Mtu gani?"

"Hatujaambiwa. Ila mimi nimepangwa sauti ya pili."

*

Mwaka ukaisha. Mwatima akaenda gerezani alfajiri na suruali iliyopigwa pasi, shati jeupe na mkate wa kumimina. Mkuu wa gereza, Afande Kisanga, alimpokea kwa bashasha. Alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye sauti ya kuombea dua.

"Mama, hongera," alisema. "Mumeo kamaliza. Mimi hapa ndiye wa kwanza kufurahi. Ngoja niandike kwenye Mtambo kwamba ametoka, halafu lango lifunguliwe."

Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika: *Rekodi hii imeshikwa na mtumiaji mwingine. Tafadhali subiri amalize.*

Wakasubiri. Afande akaagiza chai, wakanywa, akabonyeza tena, jibu likawa lilelile. Jua likapanda. Mkate wa kumimina ukaliwa na askari wawili waliosema wanausaidia usiharibike.

"Sasa huyo mtumiaji ni nani?" Mwatima akauliza.

"Mtambo hausemi, mama. Unasema tu yupo, ameifungua rekodi ya mumeo, na hajamaliza nayo."

"Kwani afande, mume wangu si yuko hapa? Si unamwona pale uani amesimama? Fungua mlango atoke na miguu yake."

Afande Kisanga akasikitika kweli. "Mama, tuelewane. Kwa macho yangu mimi, mumeo kamaliza kifungo. Lakini kwa Mtambo bado ni mfungwa, na nikimtoa mfungwa ambaye bado ni mfungwa, hapo nimetorosha mfungwa. Nitafungwa mimi. Na mimi nikifungwa, nani ataandika kwamba nimeingia?"

Mwatima alirudi kesho yake, na juma lililofuata, na mwezi uliofuata. Rekodi ilikuwa imeshikwa. Afande akawa anamhurumia hata akampa kadi ya kumruhusu kuja wakati wowote, yenye muhuri, iliyoandikwa *Mke wa Mfungwa Aliyemaliza.*

Kilichomtia hofu Mwatima hakikuwa Mtambo. Ni kwamba mwanzo Kombo alikuwa akimuuliza kila mara, "Vipi, leo?" Siku moja akafika, wakazungumza habari za mtaa, za kuku wa jirani, za mvua, muda ukaisha, na Kombo akanyanyuka akarudi ndani bila kuuliza. Mwatima akabaki ameshika wavu. Mtu akiacha kuuliza lini anatoka, basi ameshaanza kuhamia. Aliapa pale pale kwamba aliyeishika rekodi ile atamtafuta hata akiwa chini ya ardhi, na akimpata, ataiachia.

*

Wizara ya Mtambo ilikuwa jengo la ghorofa nyingi lenye lifti iliyoguswa, kwa hiyo watu walipanda ngazi. Mwatima akapanda mpaka juu kabisa kwa Katibu Mkuu, Bwana Mtapuri, akaingia bila miadi, akakaa bila kukaribishwa.

Bwana Mtapuri alimsikiliza. Halafu akasimama dirishani, maana asingeweza kusema jambo zito akiwa amekaa.

"Mwananchi mpendwa," alisema, "Serikali hailali. Serikali ikisikia kwamba mtumiaji mmoja ameshika rekodi ya mwananchi mmoja, Serikali nzima husikia maumivu katika kidole kile kile. Ninaunda Tume."

Tume ya Kumtafuta Mshikaji ikaundwa, ikaapishwa, ikapewa magari. Lakini hapa inafaa kueleza mila moja ya nchi ile, bila hiyo mgeni hawezi kuelewa kazi ya Tume ilivyokuwa ngumu. Kwao, mdogo hamuulizi mkubwa kama amemaliza. Mezani mkubwa akisinzia na kijiko mkononi, wenzake hukaa kimya mpaka mchuzi ugande. Mkubwa akiingia msalani, hata kama msala ni huo mmoja tu katika jengo zima, foleni huomba Mungu. Kumuuliza mkubwa "umemaliza?" ni sawa na kumwambia "ondoka," na hilo halisemwi.

Kwa hiyo Tume haikuweza kuuliza kwenda juu. Iliuliza kwenda chini. Bwana Mtapuri aliwauliza wakurugenzi kama kuna mmoja wao aliyeishika rekodi ya Kombo, wakasema hapana. Wakurugenzi wakawauliza wakuu wa idara, wakasema hapana. Wakuu wa idara wakawauliza makarani, tena wakawaamuru wote wasimame mbali na kompyuta zao, mikono juu, mpaka Tume ipite na kupiga picha. Rekodi ikabaki imeshikwa. Makarani wakamuuliza dereva, dereva akamuuliza mlinzi, na mlinzi akamuuliza mpika chai, mzee Sefu, ambaye hapakuwa na wa chini yake wa kumuuliza.

Mzee Sefu aliulizwa kwa sauti kubwa sana, na watu wengi, kwa wakati mmoja. Akakiri. "Ni mimi, wakubwa zangu. Niliishika nikidhani ni trei."

Magazeti yakaandika kuwa Mshikaji amepatikana. Mzee Sefu akasimamishwa kazi, wizara ikakosa chai kwa muda mrefu, na ripoti ya Tume ikalitaja hilo kama hasara kuu iliyosababishwa na jambo zima. Rekodi ya Kombo ikabaki pale pale.

Mwatima akarudi ghorofani akihema. "Mmemwonea mzee wa watu bure! Yule hata kompyuta inakowashiwa hajui!"

"Tume imefunga kazi," akajibu Bwana Mtapuri kwa upole. "Imebaini kwamba, ngazi zote zilizoweza kuulizwa zikiwa zimeulizwa, rekodi ya mumeo haijashikwa na mtu yeyote. Kwa hiyo mumeo, kimsingi, ameachiwa."

"Kimsingi?"

"Kimsingi. Kilichobaki ni mwili."

Mwatima akamtazama. Alitaka kulia, akaona machozi yake hayafai kumwagwa kwenye zulia lile. "Na ngazi ambazo hazikuweza kuulizwa?" akasema. "Za juu?"

Katibu Mkuu akageuka dirishani, akaanza kuzisifu bustani za jiji.

*

Siku ya Msamaha ilipokaribia kutimiza mwaka, saluni zote za mji zilijaa. Wakubwa wangekusanyika Nyumba ya Miguso kwa sherehe, na wake zao na mabinti zao na wafanyakazi wao walitaka vichwa vya kutazamika. Kwa Mwatima akaja mwanamke mmoja mtulivu, mwenye miwani, akataka msuko mwembamba wa kurudi nyuma, ule wa kukalia kitako kutwa.

Msusi huongea, na anayesukwa huongea zaidi, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Kichwa kilipofika nusu, Mwatima alikuwa ameshajua kuwa mteja wake anaitwa Mhandisi Pendaeli, na kwamba ndiye anayeuendesha Mtambo, yeye hasa, na funguo zake zote.

Mwatima akaweka kitana chini. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya mteja, wakatazamana uso kwa uso.

"Dada Pendaeli, mimi naitwa Mwatima. Mke wa Kombo."

Miwani ya mhandisi ikashuka puani. Alilijua jina. Wizarani kote hapakuwa na asiyelijua.

"Dada yangu, naomba unimalizie kichwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Nitakumalizia. Niambie nani kamshika mume wangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hujui?"

Pendaeli akarudisha miwani machoni. Mwatima akachukua kioo, akampa ajitazame. Upande wa kulia ulikuwa umelala vizuri, mistari imenyooka. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama zote, kama zimesikia habari mbaya.

"Sherehe yenyewe kesho asubuhi," Mwatima akasema. "Na wasusi wa mji huu wote nawajua. Hakuna atakayegusa kichwa nilichokianza mimi. Sasa kaa ufikiri. Mimi sina haraka, mimi nimefundishwa kusubiri na wizara yako."

Pendaeli alijitahidi. Alisema kuhusu kiapo chake, kuhusu watoto wake wawili, kuhusu mkopo wa nyumba. Mwatima akawa anamenya chungwa. Mwishowe mhandisi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga aliyofungwa mabegani, akaanza kulia kidogo kidogo, na pamoja na machozi maneno yakatoka.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mtambo unanionyesha mimi kila aliyeshika rekodi. Unakumbuka uzinduzi? Rekodi aliyoifungua Mlezi Mkuu pale jukwaani, ni ya mumeo. Aliifungua, akasema amesamehe, akainuka akaenda zake. Hakuifunga. Na kwa kuwa kompyuta ile ameigusa, ikazungushiwa kamba, ikapelekwa Nyumba ya Miguso vilevile ilivyo. Ipo kule mpaka leo, imewashwa. Wameiwekea jenereta yake. Hospitali ikikatika umeme, ile haikatiki."

Mwatima akaliweka chungwa chini. "Kwa hiyo huyo Msamehewa wanayemwimba…"

"Ni mumeo."

"Anaimba sauti ya pili," akasema Mwatima, na kicheko kikamtoka, kikali, kisicho na furaha hata chembe. "Mume wangu anajishukuru mwenyewe kwa sauti ya pili! Na wewe, mhandisi mzima, huna njia ya kumtoa mtu kwenye rekodi?"

"Ninacho kitufe. Naweza kumtoa mtumiaji yeyote kwa nguvu. Nimeshawahi kukisogelea. Nikikibonyeza kinaniuliza: *Unataka kumwondoa Mlezi Mkuu. Una uhakika?* Halafu swali lile, na jina langu, na saa, vinakwenda moja kwa moja Usalama. Dada Mwatima, mimi nilikimbilia chooni."

Hata Mwatima hakuweza kumlaumu kwa hilo.

"Na mtu akikaa kwenye kompyuta ile ile, akaifunga rekodi kwa mkono wake?"

Pendaeli akatazama mlangoni kwanza. "Hapo Mtambo hautamwona mtu mwingine. Utaandika: *Mlezi Mkuu amemaliza.* Pembeni ya skrini, juu, kuna neno *Funga*. Basi. Lakini usiniambie unataka kufanya nini, sitaki kujua."

Mwatima akainuka, akachukua kitana. Upande wa kushoto aliusuka vizuri kuliko wa kulia.

*

Nyumba ya Miguso ilikuwa imepambwa. Watu walipita kwa foleni mbele ya mzani, mbele ya ngazi, mbele ya sufuria ya ugali ambao sasa ulikuwa na ndevu, mpaka ukumbi mkubwa ambako, ndani ya kamba nyekundu, ilikuwepo kompyuta ya Msamaha na kiti chake. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta. Kwa kuwa kila kitu kilihifadhiwa kama kilivyoachwa, skrini ilikielekea kiti, na umma ulikuwa ukitazama mgongo wake. Mwaka mzima taifa lilikuwa limepigia saluti waya na tundu za kupitishia hewa.

Mkurugenzi wa Nyumba ile, Dakta Kazimoto, alikuwa kwenye kipaza sauti. "Tunaposimama hapa," alisema, "tunasimama mbele ya huruma yenyewe, bado ina joto! Msamaha haukutolewa mwaka jana tu, ndugu wananchi. Msamaha unaendelea kutolewa, sasa hivi, mfululizo!"

Mwatima alikuwa kwenye foleni kama wengine. Aliogopa, tena sana, na asije mtu akasema hakuogopa. Lakini alimkumbuka Kombo akirudi ndani bila kuuliza, na hofu ile ya pili ikaizidi ya kwanza. Zamu yake ilipofika, badala ya kupiga saluti, aliinua kamba, akapita chini yake, akaenda akakaa kwenye kiti.

Watu wakasukumana kurudi nyuma. Hata jenereta ilionekana kupunguza sauti.

Askari wanne wakaruka, wakafika kwenye kamba, wakasimama ghafla. Ndani ya kamba hapakanyagwi. Askari atakayeingia anatenda kosa lilelile, na mwanamke yule sasa amekaa juu ya kiti kilichoguswa, na kumshika yeye ni kukishika kiti. Wakabaki wamenyoosha mikono wakipapasa hewa.

"Toka humo!" wakapiga kelele.

"Njooni mnitoe," akajibu Mwatima.

Dakta Kazimoto akasogea, jasho likimtiririka kwenye tai. "Mama, nakusihi. Mlezi Mkuu hajamaliza na hiyo kompyuta."

"Mmemuuliza?"

Swali hilo, tunavyojua, lilikuwa haliulizwi. Watu kadhaa waliziba masikio ya watoto wao.

Mwatima akageukia skrini. Pale alimwona mumewe, ile picha ya siku aliyoingizwa, kichwa kimenyolewa, macho yakitazama kama mtu anayeitwa jina lisilo lake. Chini ya picha palikuwa na sehemu iliyoandikwa *Uamuzi*, na sehemu hiyo ilikuwa tupu. Kistari kilikuwa kikiwakawaka, kikingoja neno. Alisoma juu, akasoma chini, akatafuta msamaha kila pembe ya ukurasa.

"Jamani!" akaita, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Hapa hapajaandikwa kitu! Ni patupu! Hakusamehewa mtu! Mtu mnayemwimba anaitwa Kombo, fundi nguo wa Kidongo, yuko gerezani mpaka leo, alishamaliza kifungo chake, na mwenye kompyuta hii ndiye aliyemshika!"

Akabonyeza *Funga*.

Picha ya Kombo ikatoweka. Mahali pake pakatokea maneno, naye akayasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: "Mlezi Mkuu amemaliza."

Sentensi hiyo ilizua hofu kubwa kuliko bomu, na wageni watatu mashuhuri wakakimbilia magari yao, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuhama chama. Mwatima hakuinuka. Akasema hataondoka kwenye kiti mpaka simu ipigwe gerezani na asikie kwa masikio yake. Dakta Kazimoto akapiga, akaiweka simu sauti ya juu. Afande Kisanga alipoambiwa ajaribu, alijaribu, na wote wakamsikia akipiga ukelele wa mtoto: "Imefunguka! Imefunguka, mama! Nimeandika ametoka!"

Hapo ndipo Mwatima aliposimama na kupita tena chini ya kamba, na askari hawakumkamata. Si kwa huruma. Mwanasheria wa Serikali alikuwepo pale, na alikuwa amekwisha kuipiga hesabu haraka: kumshitaki mwanamke huyu ni lazima hati isomwe mahakamani kwamba amemaliza jambo ambalo Mlezi Mkuu aliliacha bila kumaliza. Hakuwepo mwendesha mashitaka wa kuisoma hati hiyo na kurudi nyumbani.

*

Lakini Serikali hailali, kama alivyosema Bwana Mtapuri, na gari lake lilikuwa na kasi kuliko miguu ya Mwatima. Alipofika gerezani alikuta zulia limetandikwa nje ya lango, shada la maua, kamera za televisheni, na Katibu Mkuu mwenyewe akiwa amesimama, maana jambo lilikuwa zito. Taifa lilikuwa limeambiwa kwa mwaka mzima kwamba lina Msamehewa. Sasa alikuwa anatoka, na afadhali atoke vizuri.

Kombo alisimamishwa juu ya zulia. Alikuwa amekonda, shati linamwelea. Mwatima alitaka kumkimbilia, askari wakamzuia kwa heshima.

"Ndugu Msamehewa," akaanza Bwana Mtapuri, "kuanzia leo una nyumba, una posho, una gari. Utazunguka mikoani kila Siku ya Msamaha. Tunachoomba ni neno moja tu la shukrani, kwa Mlezi Mkuu aliyekusamehe." Akainama sikioni mwake. "Neno moja, bwana, mambo yaishe. Mfikirie mkeo."

Kombo alimtazama mkewe. Mwatima hakumfanyia ishara yoyote. Alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho kumfikisha pale, na hakutaka kumwambia mumewe la kusema. Akaomba tu, kimoyomoyo, kwamba mtu aliyeoana naye awe bado yumo ndani ya lile shati.

Kombo akakohoa. Kwa muda mrefu sauti yake ilikuwa imetumika kwa nyimbo tu.

"Mimi sikusamehewa," alisema kwenye kamera. "Niliificha cherehani yangu, nikafungwa mwaka mmoja. Nikaumaliza. Halafu mkanikalisha. Asiyesamehewa hashukuru. Andikeni hivyo."

Akashuka kwenye zulia, akatembea mavumbini mpaka kwa mkewe, akamshika mkono. Wapiga picha wakazima kamera kwa pamoja. Jioni ile redio ilitangaza kuwa Msamehewa alishindwa kuongea kwa wingi wa furaha.

Lakini nyuma ya ukuta, kwaya ya wafungwa ilikuwa imepangwa tayari kuupokea wimbo wa shukrani, na ukuta ule haukuwa mnene. Walikuwa wamesikia kila neno. Ishara ya kuanza ikatolewa, na kwaya haikuimba. Badala yake sauti moja nzito ikapaa kutoka uani: "Na mimi nilimaliza, na rekodi yangu imeshikwa!"

"Na mimi!" ikafuata nyingine.

"Mimi tangu mwaka jana!"

"Na mimi, jamani! Na mimi!"

Zikawa nyingi hata hazihesabiki. Bwana Mtapuri akaamuru bendi ipige, bendi ikapiga, na sauti zikaipita bendi. Afande Kisanga alikuwa amejishika kichwa, akirudia kwamba yeye binafsi ndiye wa kwanza kufurahi.

Mwatima, aliyekuwa ameanza kuondoka na mumewe, akasimama. Alimtazama, na Kombo akatikisa kichwa kukubali, maana anamjua mkewe. Mwatima akampa mfuko wake wa kitana na nyuzi amshikie, akajifunga khanga kiunoni, akakaza fundo, akarudi langoni.

"Haya," aliwapigia kelele walio ndani. "Mmoja mmoja. Nitajieni majina."